Mfupa na Kinga ya Mwili: Ukuta Uliojengwa Hospitalini

Mtoto anazaliwa mzima. Analia, ananyonya, uzito wake unaridhisha. Kitu kimoja tu: vidole gumba vya miguu yake ni vifupi, na vyote viwili vimelala kuelekea vidole vingine. Mkunga anaviona na kupita. Daktari anaviona na kusema vitanyooka, au vitanyooshwa baadaye. Miaka inapita, kisha siku moja, baada ya kuanguka au baada ya mafua ya kawaida, mtoto anatokeza uvimbe mgumu mgongoni au shingoni. Familia inaogopa saratani, na daktari anaogopa hivyohivyo. Anakata kinyama kidogo kwenye uvimbe ili kikapimwe.

Kwa magonjwa mengi hilo ndilo jambo la busara. Kwa ugonjwa huu ni msiba. Unaitwa fibrodisplazia osifikansi progresiva, FOP kwa kifupi, na jeraha la kisu ni moja ya vitu vinavyouamsha. Pale palipokatwa, msuli unageuka mfupa. Sizungumzii msuli uliokakamaa wala kovu gumu. Ni mfupa kamili, wenye mishipa ya damu na uloto ndani yake, umeota mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na mfupa. Ukiota mbele ya kiwiko, mkono haukunjuki tena. Ukiota kwenye taya, mgonjwa hawezi kufungua kinywa. Kuukata hakusaidii, kwa sababu kuukata ni jeraha jingine.

Ugonjwa huu humpata takriban mtu mmoja kati ya milioni moja, kwa hiyo daktari anaweza kustaafu bila kuuona hata mara moja. Simlaumu daktari huyo mmoja mmoja. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2005, uliowauliza wagonjwa 138 kuhusu safari yao hospitalini, ulileta takwimu ambazo hazijaacha kunisumbua. Asilimia 87 walipewa kwanza jina la ugonjwa mwingine. Asilimia 67 walikatwa au kuchomwa bila sababu. Na asilimia 49, yaani karibu nusu yao, walisema kwamba hatua hizo za kitabibu ziliwaachia ulemavu wa kudumu wa viungo. Nusu ya wagonjwa walipoteza sehemu ya mwendo wao mikononi mwa watu waliotaka kuwasaidia, ilhali alama ya ugonjwa ilikuwa miguuni mwao tangu siku ya kwanza.

Mwaka 2006 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, wakiongozwa na Eileen Shore na Frederick Kaplan, lilitangaza kwamba limepata chanzo: herufi moja iliyobadilika katika jeni liitwalo ACVR1. Jeni hilo hutengeneza kipokezi, mfano wa sikio dogo juu ya seli, kinachopokea amri ya kujenga mfupa. Karibu wagonjwa wote wenye sura ya kawaida ya FOP wana badiliko hilohilo, herufi ileile.

Ugunduzi huo uliandikwa kwa shangwe, na ulistahili. Hata hivyo uliacha swali ambalo kwangu ni kubwa kuliko jibu lenyewe. Badiliko hilo limo ndani ya kila seli ya mgonjwa tangu akiwa tumboni. Kwa nini basi hageuki mfupa wote kwa pamoja? Kwa nini ugonjwa unalala miezi, wakati mwingine miaka, kisha unachachamaa baada ya sindano ya ganzi kwa daktari wa meno, au baada ya siku nne za homa ya virusi ambavyo havikugusa mfupa kabisa?

Mafua ndiyo yanayonivutia zaidi. Kuanguka kunaeleweka, msuli umepondeka. Lakini virusi vya mafua vinashambulia njia ya hewa. Havikai mgongoni wala nyongani. Hata hivyo mwaka 2004 madaktari waliandika kwamba homa za aina ya mafua zinatangulia kuchachamaa kwa FOP mara nyingi mno kuweza kuitwa sadfa. Virusi viko puani, mfupa unaota kwenye nyonga. Kinachosafiri kati ya sehemu hizo mbili si kijidudu. Ni mwitikio wa mwili wenyewe: seli za kinga na kemikali zake, ule mchochota ambao sote tunaujua kwa joto, wekundu, uvimbe na maumivu, na ambao kazi yake ni kutulinda.

Ushahidi umekuwa ukirundikana tangu hapo. Mwaka 2015 ilionyeshwa kwa panya kwamba kipokezi kilichoharibika katika FOP husikia vibaya. Kuna protini iitwayo aktivini A, ambayo seli za kinga huimwaga kwa wingi penye mchochota. Kwa mtu wa kawaida kipokezi hicho hakiichukulii kuwa amri ya kujenga mfupa. Kwa mwenye FOP kinaichukulia hivyo hasa. Panya walipopewa dawa ya kuizuia aktivini A, mfupa wa ziada haukuota. Watafiti wengine wakapunguza aina mbili za seli za kinga katika panya wenye ugonjwa huo, makrofeji na seli za masti, na mfupa wa ziada ukapungua. Jeni ni kosa lililoandikwa, na anayelisoma kwa sauti ni mfumo wa kinga.

Kuna kisa kimoja kilichoripotiwa mwaka 2007 ambacho, kwa maoni yangu, kingepaswa kufundishwa kila mahali wanapofundishwa madaktari wa mifupa. Mgonjwa wa FOP alipata pia ugonjwa mwingine, uloto wake ukaacha kutengeneza damu. Akapandikizwa uloto wa mtu mwenye afya. Kama FOP ingekuwa inatokana na seli za damu peke yake, hapo ingepona. Haikupona. Lakini wakati mgonjwa yuko kwenye dawa kali za kupunguza kinga, zile zinazozuia mwili kukataa kilichopandikizwa, FOP ilitulia. Dawa hizo zilipoondolewa ikaamka, ingawa seli za damu na kinga zilizokuwa mwilini mwake sasa zilikuwa za mtu asiye na kosa lolote katika jeni zake. Yaani kinga yenye afya kabisa, ikifanya kazi yake ya kawaida kabisa, inatosha kuwasha moto pale ambapo msuli umebeba kosa. Hakuna jaribio la maabara ambalo lingeweza kulisema jambo hili kwa uwazi kama mwili wa mtu huyo mmoja ulivyolisema.

Hoja yangu basi ni hii. Tumegawa hospitali kana kwamba mwili umegawanyika hivyo: huku idara ya mifupa, yenye misumeno, skrubu na picha za eksirei, kule idara ya kinga na maambukizi, yenye damu na vijidudu. Magonjwa adimu ya mifupa, moja baada ya jingine, yanatuonyesha kwamba ukuta huo haumo mwilini. Na wanaolipia gharama ya ukuta huo ni wagonjwa, wengi wao watoto.

Tuangalie upande wa pili wa mambo, ule ambapo mfupa unaonekana kushambuliwa na vijidudu ambavyo havipo. Msichana wa miaka tisa au kumi analalamika kwamba mfupa wa bega, ule unaokatiza juu ya kifua, unamuuma usiku. Umevimba. Picha zinaonyesha mfupa ulioliwa na kujengwa upya bila mpangilio. Kila dalili inasema maambukizi ya mfupa. Anapewa antibayotiki, hapati nafuu. Anabadilishiwa, anaongezewa wiki sita nyingine. Kipande cha mfupa kinapelekwa maabara, hakiotesi kitu. Kinapelekwa tena. Baada ya miezi kadhaa maumivu yanahamia kwenye kifundo cha mguu, kisha kwenye pingili ya uti wa mgongo.

Ugonjwa huo ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1972, na leo madaktari wanauita CNO au, ukiwa wa kurudiarudia katika mifupa mingi, CRMO. Hakuna bakteria. Kinga ya mtoto inapigana vita visivyo na adui, na uwanja wa vita ni mfupa. Antibayotiki haziwezi kuutibu kwa sababu hakuna cha kuua. Dawa za kutuliza mchochota zinawasaidia wengi. Wasiopata nafuu hupewa dawa zinazozuia mfupa kuliwa au zinazofunga mlango wa protini za kinga kama TNF. Kipimo cha MRI cha mwili mzima mara nyingi huonyesha mifupa mingine iliyoathirika ambayo mtoto hajawahi kuilalamikia, na hiyo peke yake ni ishara kubwa.

Hapa sitaki msomaji aondoke na funzo rahisi. Nimesema kukata kinyama kunamwangamiza mwenye FOP. Kwa mtoto wa CNO, kipande hichohicho kinaweza kuwa cha lazima, kwa sababu saratani ya mfupa na saratani ya damu zinaweza kujificha nyuma ya picha inayofanana. Kitendo kimoja, maana mbili. Tofauti kati yake haiko kwenye kisu, iko kwenye swali linaloulizwa kabla ya kisu, na swali hilo linahitaji mtu wa mifupa na mtu wa kinga wakae meza moja. Kwa mwenye FOP kuangalia miguu kungetosha kuzuia mkono.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa watoto wachanga. Mwaka 2009 ripoti mbili ziliwaeleza watoto waliougua karibu mara tu baada ya kuzaliwa: ngozi imejaa vipele vya usaha, mifupa imevimba, mbavu zimepanuka, damu inaonyesha dalili zote za mwili ulioingiliwa. Yeyote angesema ni maambukizi makali, na antibayotiki zilimwagwa. Usaha huo haukuwa na kijidudu. Watoto hao walikuwa wamerithi kutoka kwa baba na mama nakala mbili mbovu za jeni IL1RN. Jeni hilo hutengeneza breki ya interlukini-1, moja ya kengele kuu za hatari mwilini. Kengele ilikuwa inalia tangu kuzaliwa na hakuna aliyeweza kuizima. Familia zilitoka Newfoundland, Uholanzi, Lebanoni na Puerto Rico. Ugonjwa ukaitwa DIRA.

Sasa sikiliza sehemu inayofuata, kwa sababu ndiyo inayonifanya niamini utafiti wa magonjwa adimu kwa moyo wote. Breki waliyoikosa watoto hao ilikuwa tayari dukani. Dawa iitwayo anakinra, ambayo ni nakala ya protini hiyohiyo, ilikuwa inatumika kwa wagonjwa wa baridi yabisi tangu mwaka 2001. Watoto walipodungwa, mabadiliko yalionekana kwa siku, wala si miezi. Ngozi ilisafika, mifupa ikaanza kupona. Mtoto aliyekuwa anakufa kwa kile kilichoitwa maambukizi aliokolewa na dawa inayopunguza kinga. Fikiria ujasiri uliohitajika kumdunga mtoto aliyejaa usaha dawa ya kushusha ulinzi wa mwili. Ujasiri huo haukutoka hewani. Ulitoka kwenye jeni lililosomwa vizuri.

Kinyume chake pia kipo, na ni lazima kisemwe ili mtu asidhani kwamba kila mfupa unaouma bila kupona unahitaji kinga ishushwe. Mwaka 1999 watafiti walieleza familia ambazo wagonjwa wake walikuwa na vipokezi vyenye kasoro vya interferoni gama, ujumbe unaoziambia makrofeji ziue bakteria zilizowameza. Watu hawa walishambuliwa na bakteria dhaifu wa jamii ya kifua kikuu, hata wale walio katika chanjo ya BCG, ambao kwa wengine wetu hawana nguvu. Na mahali walipopendelea kukaa bakteria hao ni kwenye mifupa, mifupa mingi kwa wakati mmoja. Mgonjwa huyu na yule msichana wa CNO wanaweza kuonekana sawasawa kwenye picha. Mmoja ana kinga iliyozidi, mwingine ana kinga iliyopungukiwa. Ukiwabadilishia dawa umemdhuru kila mmoja wao.

Kwa nini mfupa? Jibu liko ndani ya mfupa wenyewe. Tunauona kama jiwe, nguzo ya kubebea nyama, kumbe ni kiwanda. Uloto ulio ndani yake ndiko kunakozaliwa karibu seli zote za kinga. Na zile seli zinazobomoa mfupa uliochakaa ili mpya ujengwe, osteoklasti, ni ndugu wa damu wa makrofeji, seli za kinga zinazomeza vijidudu. Wametoka kwa mzazi mmoja. Mmoja alikwenda kula bakteria, mwingine akabaki nyumbani kula mfupa.

Undugu huo ulidhihirika miaka ya mwisho ya tisini. Makundi tofauti ya watafiti yalikuwa yanakimbizana, baadhi wakichunguza mifupa, wengine wakichunguza seli za kinga, na wote wakaangukia molekuli ileile wakiwa wameipa majina tofauti. Leo inaitwa RANKL, na ndiyo amri inayozifanya osteoklasti zizaliwe na kufanya kazi. Mwaka 1999 panya waliotengenezwa bila RANKL walielezwa: mifupa yao ilikuwa mizito kupita kiasi, meno hayakutoka, na hawakuwa na tezi za limfu. Molekuli moja ikikosekana, mfupa unakwama na kinga inakosa vituo vyake. Mwaka 2000 Joseph Arron na Yongwon Choi walipendekeza jina la taaluma inayounganisha pande hizo: osteoimunolojia.

Wapo binadamu walio kama panya hao. Ugonjwa wa mifupa migumu kama marumaru, osteopetrosisi, ulielezwa na Heinrich Albers-Schönberg mwaka 1904. Mtoto mwenye aina kali hana wabomoaji wanaofanya kazi, kwa hiyo mfupa unaongezeka bila kupunguzwa. Unakuwa mzito na bado unavunjika kirahisi. Unabana mishipa ya macho mpaka mtoto anapofuka. Unajaza nafasi ya uloto, na damu pamoja na kinga vinakosa pa kuzaliwa, hivyo mtoto anaandamwa na maambukizi. Dawa iliyoruhusiwa nchini Marekani mwaka 2000 kuuchelewesha ugonjwa huo ni ileile interferoni gama, ambayo miaka kumi kabla iliruhusiwa kwa ajili ya watoto ambao seli zao nyeupe haziwezi kuua vijidudu. Tiba kubwa zaidi ni kupandikiza uloto: unaleta mzazi mpya wa osteoklasti, na mfupa unaanza kuliwa inavyopaswa. Isipokuwa kwa wale wachache ambao kosa lao liko kwenye RANKL yenyewe. Hao uloto mpya hauwasaidii, maana mzazi wa wabomoaji yupo, amri ya kuwazaa ndiyo haipo. Bila kusoma jeni kwanza, mtoto wa namna hiyo anapitishwa kwenye hatari yote ya upandikizaji bure.

Kuna watu makini wanaouliza kama ni haki kutumia mabilioni kwa magonjwa ya watu wachache wakati mamilioni wanakufa kwa maambukizi ya kawaida. Nalichukulia swali hilo kwa uzito. Jibu la kwamba kila uhai una thamani ni la kweli lakini halimsaidii mpangaji wa bajeti. Ninampa jingine: dawa ya kuzuia RANKL, denosumab, iliruhusiwa mwaka 2010 kwa wanawake ambao mifupa yao imedhoofika baada ya hedhi kukoma, kundi la mamilioni kwa mamilioni. Panya wa maabara waliotangulia kuonyesha kwamba mlango huo unaweza kufungwa walikuwa na mifupa ya marumaru, na watoto adimu wakathibitisha kwamba mlango huohuo upo kwa binadamu.

Lakini sitajidai kwamba kila kitu kinakwenda vizuri. Kupima dawa kwa ugonjwa wa watu wachache ni kazi ngumu kweli. Dawa ya palovarotene ya FOP iliruhusiwa Kanada mwaka 2022 na Marekani mwezi Agosti 2023. Ulaya, mwaka huohuo wa 2023, ikaikataa. Ni dawa moja na matokeo yaleyale, hukumu ndizo zilizotofautiana. Inaweza kufunga mapema sehemu za mifupa zinazokua, ndiyo maana haitolewi kwa watoto wadogo, yaani wale hasa ambao ugonjwa unawakimbiza. Sioni kosa kwa waliokubali wala kwa waliokataa. Naona wagonjwa wachache mno kuweza kutoa jibu safi, na hiyo ndiyo sababu ya kutaka orodha za wagonjwa za kimataifa na majaribio ya pamoja.

Na wakati tiba inasubiriwa, kuna ulinzi unaowezekana leo. Mwenye FOP anapaswa kuepuka sindano za kwenye msuli, lakini mafua yenyewe ni hatari kwake kuliko kwa wengine. Kwa hiyo chanjo ya mafua hupewa chini ya ngozi, wakati ugonjwa umetulia, na watu wanaoishi naye wachanjwe pia ili virusi visimfikie. Anayetoa ushauri huu lazima ajue mifupa na ajue kinga. Akijua kimoja tu, atasema ama “asichanjwe kabisa” ama “achanjwe kama wengine,” na yote mawili ni makosa.

Mwaka 2019, madaktari nchini Israeli waliripoti kijana mwenye FOP ambaye ugonjwa wake ulikuwa unachachamaa mfululizo. Walijiuliza: kama mchochota ndio unaowasha moto, na kama interlukini-1 ni moja ya kengele zake kuu, itakuwaje tukiizima? Wakampa anakinra, dawa ileile ya watoto wa DIRA, na baadaye nyingine ya jamii hiyo. Vipindi vya kuchachamaa vikapungua. Mgonjwa mmoja hathibitishi tiba, na majaribio makubwa zaidi yanahitajika kabla mtu yeyote hajaahidiwa kitu. Lakini walioliuliza swali hilo hawakuwa wapasuaji. Ni madaktari waliozoea kutibu kinga ya watoto, ambao safari hii walipelekewa mgonjwa wa mifupa.